Soja mbichi kwa kuku na nguruwe: moto unabadilisha nini ndani ya chakula?

Tangu mauaji ya raia yaanze katika wilaya ya Beni mwezi wa Oktoba 2014, jamaa nyingi za Mbau na vijiji vya karibu zimeacha mashamba ya mbali. Kwa jamaa iliyopoteza shamba, kuku kumi au nguruwe wawili nyuma ya nyumba ndiyo minervali ya watoto, ndiyo pesa ya dawa mtu akigonjwa.

Chakula cha mifugo cha dukani ni ghali, kwa hiyo wafugaji wengi wanajichanganyia wenyewe: mahindi, pumba, maganda ya mihogo na soja. Ndiyo hapo shida inaanza. Vifaranga wanakula vizuri, lakini hawakui. Nguruwe anajaza tumbo, lakini mgongo unabaki mwembamba. Mfugaji anawaza ugonjwa, ananunua dawa, na hali haibadiliki. Kumbe kosa linaweza kuwa kwenye chungu: soja haikupikwa, ao ilipikwa kupita kiasi.

Kufuli ndani ya mbegu

Katika kilo 100 za soja kavu, karibu kilo 36 hadi 40 ni protini. Mbegu chache zina nyingi namna hiyo. Lakini kuwa na protini ni jambo moja, na mnyama kuweza kuitumia ni jambo lingine.

Protini ni kama uzi mrefu wa shanga. Shanga zenyewe zinaitwa asidi amino, na ndizo mnyama anazitumia kujenga nyama, manyoya na mayai. Uzi huo haulali wazi, umekunjwa kwa umbo maalum. Ili mnyama apate shanga, lazima uzi ukatwe. Kazi hiyo inafanywa tumboni na kimeng'enya kinachoitwa tripsini, kinachotoka kwenye kongosho. Tripsini ni kama mkasi.

Sasa, soja mbichi ina protini ndogo zenye umbo linaloingia sawasawa katikati ya mkasi huo na kuuzuia usikate. Wataalamu wanajua aina mbili kubwa: ile ya Kunitz na ile ya Bowman-Birk. Mkasi ukizuiliwa, kongosho linajaribu kutengeneza mwingine, na mwingine tena, mpaka linavimba. Chakula kingi kinatoka na mavi bila kutumika. Tena, tripsini yenyewe ni protini, kwa hiyo mnyama anapoteza hata mali ya mwili wake.

Moto unafungua umbo

Joto pamoja na maji vinatikisa protini hizo mpaka zinakunjuka. Shanga zote zinabaki, umbo ndilo linapotea. Kufuli linakuwa uzi wa kawaida, na mkasi unaukata kama chakula kingine. Kufuli la Bowman-Birk ni gumu zaidi, juu limefungwa kwa vifundo 7 vya salfa. Ndiyo sababu kuchemsha dakika tano tu haitoshi.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1917, Wamarekani Thomas Osborne na Lafayette Mendel walionyesha kwamba panya waliolishwa soja mbichi hawakukua vizuri, lakini soja iliyopikwa iliwakuza.

Mbuzi na ng'ombe ambao ni wakubwa hawasumbuliwi sana na kufuli hili, kwa sababu vijidudu vya tumbo lao la kwanza vinalivunja. Kuku na nguruwe hawana msaada huo.

Moto ukizidi, hasara inarudi

Kuna wanaofikiri kwamba soja ikichomwa mpaka nyeusi ndiyo imeiva zaidi. Hapana. Mwaka 1912 mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza namna asidi amino na sukari zinavyoshikana kwenye joto. Ndiyo inayoleta rangi ya kahawia ya mkate na kahawa. Katika soja, anayeumia kwanza ni lizini, asidi amino yenye mkono ulio wazi ambao sukari inaushika kwa urahisi. Ikishikwa hivyo, mnyama hawezi tena kuitumia.

Hasara hiyo ni kubwa kwetu, kwa sababu mahindi ni maskini wa lizini. Mfugaji anaongeza soja ili kuziba pengo hilo. Akiunguza soja, ameunguza kile kile alichokuwa anatafuta.

Mihogo ina njia yake

Maganda ya mihogo yana kitu kinachoitwa linamarini. Ganda likikatwa ao likipondwa, linamarini inakutana na kimeng'enya chake na kutoa sumu ya sianidi, ambayo inaruka kama hewa. Kwa hiyo usiwape nguruwe maganda mabichi. Yakate vipande vidogo ao yaponde, yaache yachache, kisha uyaanike kwenye jua mpaka yakauke kabisa. Yakiota ukungu, usiwape: sumu ya ukungu inayoitwa aflatoksini haiishi kwa kupika.

Kufanya nyumbani

Loweka soja usiku mmoja, mwaga maji. Weka mbegu kwenye maji yanayochemka na uache zichemke dakika 20 hadi 30. Mwaga maji tena, anika vizuri, kisha peleka kwenye mashini ya kusaga. Ukipenda kukaanga, koroga bila kuacha, moto wa kadiri, mpaka rangi iwe kahawia nyepesi na harufu ya ubichi iishe.

Unataka kuhakikisha? Soja mbichi ina kimeng'enya kingine, ureazi, ambacho joto linakiharibu karibu pamoja na lile kufuli. Changanya kwenye kopo vijiko vinne vya unga wa soja, kijiko kimoja cha mbolea ya uree na maji kidogo. Funika dakika 20, kisha fungua na unuse. Harufu kali ya amoniaka, kama ya mkojo wa zamani, inaonyesha kwamba soja bado mbichi. Harufu isipokuwepo, imeiva. Mchanganyiko huo utupe mbali, usimpe mnyama yeyote. Na ukumbuke kwamba kipimo hiki kinaonyesha soja mbichi tu. Iliyoungua utaijua kwa rangi na uchungu wake.

Kuni na makala ni pesa, na si kila jamaa inaweza kuzitafuta porini siku hizi. Basi pika soja ya juma nzima mara moja, na uianike mpaka ikauke kabisa kabla ya kuiweka ndani ya mfuko. Kama vifaranga bado hawakui hata baada ya hapo, ndiyo wakati wa kumwita daktari wa mifugo.