Ua Lenye Kinywa

Wakati wa likizo tuliwapeleka watoto wa madrasa yetu ya Kwamndolwa kuona bahari mjini Tanga. Wengi wao walikuwa hawajaiona, kwani sisi wa Korogwe tumezoea zaidi mto na mashamba ya mkonge. Maji yalikuwa yamekupwa hadi mbali, yameacha madimbwi katika miamba. Ndani ya dimbwi moja, binti mmoja akaona kitu chenye vidole laini vinavyochezacheza. Akauliza, "Ustadhi, hili ni ua gani?" Nami, kwa pupa ya mtu anayeona haya kusema hajui, nikamjibu kuwa ni mmea wa baharini. Mwenzake akakibandua kwa kijiti, wala sikumkataza.

Jibu lile lilikuwa kosa, na leo nalisahihisha mbele ya wazazi wao.

Yule ni mnyama, aitwaye anemoni, jamaa wa konyeza na matumbawe. Hana mfupa, hana damu, hana ubongo. Mwili wake ni mfano wa mfuko: chini umeshikamana na jiwe, juu kuna kinywa kilichozungukwa na vidole. Kinywa hicho hicho huingiza chakula na kutoa mabaki. Vidole vimejaa vifuko visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kifuko umekunjwa uzi. Akipita kamba au samaki mdogo akavigusa, nyuzi hufyatuka, zikamchoma na kumtia sumu.

Katika bahari yetu wamo wenye upana wa sinia, na kati ya vidole vyao huishi samaki wadogo wenye mistari myeupe. Samaki hao hukingwa na ute wa miili yao. Nao huwafukuza wanaokuja kumdonoa mwenyeji wao. Jike lao akifa, dume lake hugeuka kuwa jike. Habari hii nilibidi niisome mara mbili.

Lakini lililonishughulisha zaidi ni umri. Mwaka 1828, huko Scotland, Sir John Dalyell alimtoa anemoni mwekundu katika miamba ya North Berwick, akamfuga ndani ya chombo cha kioo chenye maji ya bahari. Aina hiyo ni ya bahari za baridi. Maji yakipwa hukunja vidole, akabaki donge jekundu, akisubiri maji yajae. Na watoto wake huwalea ndani ya mwili, kisha akawatoa kwa kinywa. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni, ambaye watu walikwisha kumpa jina la Bibi, akapokewa na walezi wengine, akazaa mamia ya watoto, akafa mwaka 1887. Miaka 59 chomboni!

Wa Tanga ni aina nyingine katika bahari ya joto, wala simpi umri wa Bibi. Hata hivyo, baruti za wavuvi haramu huvunja kwa sekunde moja mwamba anaoushikilia. Joto nalo humdhuru: anemoni wakubwa hupata sehemu ya chakula kutoka kwa mimea midogo mno iliyomo miilini mwao, na maji yakipata joto kupita kiasi mimea hiyo hutoka, wakapauka. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa kwa sababu hiyo hiyo.

Niliwaeleza watoto haya tuliporudi darasani. Yule wa kijiti akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama aliyembandua huenda alikuwa amemzidi umri. Nikamwambia, huenda.