Je, Wajua? Mlango wa Mashindano ya Mabingwa

JE, WAJUA kwamba Jumatatu ya tarehe 15 Septemba 2025 mkoa wa Singida ulipata ubingwa mara mbili? Kabla ya adhana ya alfajiri huku kwetu, Alphonce Simbu, mtoto wa Singida na askari wa JWTZ, alimaliza wa kwanza jijini Tokyo na kuwa bingwa wa dunia wa marathoni. Siku hiyohiyo, Dar es Salaam, Singida Black Stars waliifunga Al Hilal ya Omdurman 2-1 wakabeba Kombe la Kagame. Vikombe vimeandikwa vya kutosha. Leo tuangalie kitu ambacho hakiandikwi: mtu au timu inaingiaje kwenye mashindano ya wateule, na nani anaandika masharti ya mlangoni.

JE, WAJUA kwamba Kombe la Kagame, kwa asili yake, ni kombe la mabingwa? Kila nchi ya Afrika Mashariki na Kati hutarajiwa kumpeleka bingwa wa ligi yake. Lilianza rasmi mwaka 1974, Simba wakawa wa kwanza kulichukua, na kwa kulibeba mara sita hakuna klabu iliyowafikia. Jina la sasa lilikuja baada ya Rais Paul Kagame wa Rwanda kuanza kulidhamini mwaka 2002 kwa zawadi ya dola 60,000.

JE, WAJUA kwamba Singida Black Stars, waliolibeba mwaka 2025, hawakuwa mabingwa wa Tanzania? Msimu wa 2024/25 ligi ilikwenda kwa Yanga. Singida, Walima Alizeti kwa jina la utani, walimaliza nafasi ya nne. Wawakilishi wa Bara katika michuano ile walikuwa wao na KMC, na mabingwa hawakuwemo. Mabao yote mawili ya fainali yalifungwa na Clatous Chama, na kocha alikuwa Miguel Gamondi, aliyewahi kuinoa Yanga yenyewe.

Mwaka mmoja nyuma mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Bingwa wa Kagame wa 2024 alikuwa Red Arrows, timu ya Zambia. Zambia si mwanachama wa CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati. Soka lake liko upande wa kusini, COSAFA. Walikuja kama waalikwa, wakaitoa APR ya Rwanda kwa mikwaju ya penalti kwenye fainali, wakaondoka na kombe. Wapo wanaosema hali hii inalipunguzia kombe heshima. Sikubaliani nao. Mwalikwa hapewi bao hata moja mlangoni. Anacheza dakika zilezile na kufungwa vilevile. Linalopunguza heshima ni sharti linalobadilishwa timu zikiwa tayari hotelini, na hilo ndilo la kuzuia.

JE, WAJUA kwamba timu iliyofungwa fainali inaweza kusafiri Afrika kwa sababu aliyeifunga ameshinda kupita kiasi? Tanzania, kwa kuwa miongoni mwa nchi 12 za juu katika viwango vya CAF, hupeleka klabu nne: mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Kombe la Shirikisho. Nafasi moja ya Shirikisho huangalia bingwa wa kombe la ndani. Mwaka 2025 Yanga walichukua ligi, kisha kule Zanzibar wakawafunga Singida Black Stars 2-0 katika fainali ya kombe. Timu moja haiwezi kukalia viti viwili. Kiti cha pili kikateremka, na Singida wakaingia Kombe la Shirikisho, wakavuka Rayon Sports ya Rwanda na Flambeau du Centre ya Burundi hadi hatua ya makundi.

(Kwa msomaji aliyesahau: hii ndiyo klabu iliyokuwa Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, kabla ya kuhamia Singida mwaka 2024. Uwanja wake wa mwanzo mjini Singida ulikuwa LITI, ambao wengi wetu bado tunauita Namfua.)

Tuhamie barabarani.

JE, WAJUA kwamba Simbu alishinda dunia kwa muda ambao usingemfungulia mlango wa mbio hizohizo? Kiwango cha kufuzu marathoni ya wanaume Tokyo kilikuwa saa 2:06:30. Yeye alishinda kwa 2:09:48. Hakuna kosa hapo. Viwango vya kufuzu hupatikana kwenye mbio za biashara, zenye hali nzuri ya hewa na wakimbiaji wa kulipwa wanaoongoza mwendo kwa sehemu kubwa ya mbio. Mbio za ubingwa hazina mwongozaji wa mwendo. Joto la Tokyo la Septemba ni la kukaba, kila mmoja anamwinda mwenzake, na anayethubutu kuondoka mapema hulipia baadaye. Mlangoni kinaulizwa kitu kimoja, ndani kinaulizwa kingine.

JE, WAJUA ilikuwa karibu kiasi gani? Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule. Picha ya mstarini ndiyo iliyoamua: sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42 na ushei, tofauti yao ilikuwa ndogo kuliko iliyowatenganisha Oblique Seville na Kishane Thompson wa Jamaika katika fainali ya mita 100 ya mashindano yaleyale, 9.77 kwa 9.82. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha. Kabla yake tulikuwa na fedha ya Christopher Isengwe, Helsinki 2005, na shaba ya Simbu mwenyewe, London 2017. Zote ni za marathoni.

JE, WAJUA dhahabu hiyo inamnunulia nini? Bingwa mtetezi wa dunia hupewa nafasi yake katika mashindano yanayofuata, ambayo ni Beijing 2027, bila kuhesabiwa ndani ya watatu wa nchi yake. Kwa hiyo Tanzania inaweza kuwa na wanne kwenye mstari wa kuanzia, mradi watatu wengine wafuzu kwa miguu yao. Ushindi wa mtu mmoja unamfungulia njia mwenzake ambaye huenda hata hamjui. Kwangu hili ndilo sharti zuri kuliko yote katika riadha.

Lakini kuna mlango mwingine ambao Simbu hawezi kuupita hata akivunja rekodi. Shirikisho la riadha la dunia limeanzisha mashindano mapya ya wateule, ya kwanza yakipangwa Budapest, Septemba 2026: mabingwa wa Olimpiki, mabingwa wa dunia, washindi wa Diamond League na wenye viwango vya juu vya mwaka, na dola 150,000 kwa kila mshindi. Hakuna marathoni. Ni mbio za uwanjani, kuruka na kutupa tu. Mashindano ya mabingwa yaliyomwacha nje bingwa wa mbio zilizoiletea Tanzania medali zote za dunia! Waandaaji wanataka burudani ya saa chache za jioni, na marathoni haiingii humo. Naielewa hesabu yao. Bado inauma.

JE, WAJUA kwamba hesabu ngumu zaidi za mlangoni hazipo michezoni, zipo kwenye chemsha bongo? Mfano mkubwa ni Jeopardy! ya Marekani, ambayo toleo lake la sasa limekuwa likiwakutanisha washindi wake wa zamani tangu 1985. Kwa miaka mingi mfumo ulikuwa hivi: washiriki 15, mechi tano za watu watatu watatu. Washindi watano wanasonga mbele. Kisha wanatazamwa walioshindwa, na wanne wenye alama nyingi kuliko wenzao wanaongezwa. Jumla tisa, nusu fainali tatu, watatu wa fainali, ambao hucheza siku mbili na alama kujumlishwa.

Hao wanne ndio sisi huwaita washindwa bora. Na hapa pana ujanja ambao mwandaaji wa chemsha bongo ya shule huku Singida anaweza kuuchukua bila kulipa chochote: washiriki wanaosubiri zamu huwekwa mbali na ukumbi ili wasijue wenzao wamepata alama ngapi. Sababu yake ni nzito. Aliyecheza mwisho akijua kwamba alama fulani zinatosha kumpitisha, hatajaribu swali la hatari. Atatulia na kulinda alichonacho. Aliyecheza wa kwanza hakuwa na anasa hiyo. Ukimficha kila mtu, umewasawazisha wote.

JE, WAJUA kwamba zamani mshindi wa Jeopardy! alifukuzwa kwa kushinda? Hadi 2003, ukishinda siku tano mfululizo ulipewa mkono wa kwaheri na kuingia moja kwa moja kwenye orodha ya mashindano ya mabingwa. Kikomo kilipoondolewa, Ken Jennings akashinda mara 74 mwaka 2004. Mwaka uliofuata waliitwa washindi wa zamani, jumla 145, na Jennings akapewa heshima ya kusubiri fainalini. Akashindwa na Brad Rutter, aliyekuwa ametolewa mwaka 2000 kwa sheria ile ya siku tano. Ushindi wa mara tano dhidi ya 74, na mwenye tano akaondoka na dola milioni mbili. Jennings alilipiza Januari 2020, walipokutana tena wakiwa na James Holzhauer.

Waingereza wana utaratibu wa subira. Kwenye Brain of Britain, chemsha bongo ya redio ya BBC yenye chimbuko la mwaka 1953, mabingwa wa miaka mitatu hukutanishwa kutafuta mmoja. Kila baada ya miaka tisa, hao washindi watatu wa mizunguko mitatu hukutana tena. Miaka tisa!

Na Afrika Mashariki? Mwaka 2007 ilianza Celtel Africa Challenge, vyuo vikuu vya Kenya, Uganda na Tanzania vikishindana kwenye televisheni, John Sibi-Okumu akiuliza maswali kwa sauti ambayo waliomsikia hawaisahau. Celtel, kampuni ya simu iliyodhamini, ikawa Zain, na mwaka 2010 Zain ikauza sehemu kubwa ya mtandao wake wa Afrika kwa Bharti Airtel ya India. Mashindano hayo leo hayapo. Chemsha bongo inayotegemea mfuko wa kampuni moja haifikishi umri wa kuwakutanisha mabingwa wake wa zamani.

JE, WAJUA kwamba shule zetu tayari zina njia ya mchujo? UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari hupanda kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa, kisha taifa. Ila zinachuja wachezaji. Timu ya mkoa ni kombaini ya vijana kutoka shule mbalimbali, kwa hiyo shule iliyoshinda wilayani haiendi taifa kama ilivyo. Kwa soka hilo ni sawa. Kwa chemsha bongo lingeharibu utamu wote, maana timu ya maswali hujengwa na vijana waliozoeana: huyu wa historia, yule wa hesabu, mwingine mwenye kidole chepesi cha kengele.

Tufanye basi hesabu ya kwetu, ya chemsha bongo ya shule za mkoa. Mkoa wa Singida una halmashauri saba: Manispaa ya Singida, Singida Vijijini, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi. Bingwa mmoja kila halmashauri, timu saba. Mtoano unataka nane. Kuna njia mbili. Ya kwanza, timu moja ipite bila kucheza, kwa kura. Ni rahisi, lakini inamzawadia mtu bahati. Ya pili, aongezwe mshindwa bora, yaani shule iliyoshika nafasi ya pili katika halmashauri yake ikiwa na alama nyingi kuliko washindi wa pili wote.

Mimi niko na ya pili, kwa sharti moja: fainali zote saba za halmashauri zifanyike siku moja na saa moja, kwa maswali yaleyale yaliyofungwa kwenye bahasha. Bila hivyo alama 80 za Itigi na alama 80 za Mkalama si kitu kimoja. Na mshindwa bora asipangwe raundi ya kwanza na bingwa wa halmashauri yake. Hiyo mechi imeshachezwa.