Jinsi Shelisheli ilivyogeuza deni kuwa hifadhi ya bahari
Na Mwandishi Wetu

UKITAZAMA orodha ya Benki ya Dunia, Shelisheli ni nchi tajiri. Mwaka 2015 iliingizwa katika kundi la nchi zenye kipato cha juu, kundi moja na Uingereza na Ujerumani. Lakini miaka saba tu kabla ya hapo, mwaka 2008, nchi hiyo hiyo ilishindwa kulipa madeni yake ya nje na kulazimika kukimbilia Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF).

Picha hizo mbili za nchi moja ndizo kiini cha hoja ambayo mataifa ya visiwa vidogo yamekuwa yakiisimamia katika Umoja wa Mataifa kwa zaidi ya miaka 30. Wanasema wastani wa pato la mtu mmoja hauonyeshi jinsi nchi ndogo inavyoweza kuporomoka kwa usiku mmoja.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Dominica, kisiwa cha Karibiani. Septemba 2017 kimbunga Maria kilipita hapo kwa saa chache, na hasara iliyopatikana ilikadiriwa kuwa zaidi ya mara mbili ya pato zima la taifa kwa mwaka. Nchi kubwa ikipigwa na dhoruba, mkoa mmoja huumia na mingine huuokoa. Kisiwa hakina mkoa mwingine.

Hali hiyo ya pekee ilikubaliwa rasmi katika Mkutano wa Rio wa mwaka 1992. Ikafuata mikutano mahsusi ya mataifa hayo: Barbados mwaka 1994, Mauritius mwaka 2005, Samoa mwaka 2014, na Antigua na Barbuda Mei 2024. Kila mkutano ulitoa mpango wake na ahadi zake. Fedha, hata hivyo, zilikuwa zikichelewa kuliko maazimio, na kwa nchi kama Shelisheli zilianza hata kufungwa. Mwaka 2018 nchi hiyo iliondolewa katika orodha ya nchi zinazostahili kupokea misaada rasmi ya maendeleo kutoka kwa mataifa yaliyoendelea, kwa sababu ya kipato chake.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ukubwa wa Shelisheli unaeleweka vizuri kwa kulinganisha. Ardhi ya visiwa vyake vyote 115 ni kilomita za mraba zipatazo 455, yaani haifikii theluthi moja ya kisiwa cha Unguja. Wakazi wake ni watu takriban laki moja. Lakini bahari iliyo chini ya mamlaka yake inazidi kilomita za mraba milioni 1.3, eneo kubwa kuliko Tanzania nzima. Uchumi wake unasimama juu ya utalii na samaki, hasa jodari, na vyote viwili hutegemea afya ya bahari hiyo. Mwaka 1998 maji yalipopata joto lisilo la kawaida, sehemu kubwa ya miamba ya matumbawe katika visiwa vya ndani ilikufa. Joto la namna hiyo lilirudi tena mwaka 2016.

Basi nchi yenye deni kubwa, ardhi kidogo na bahari kubwa iliamua kuweka bahari mezani. Chini ya Rais James Michel, Shelisheli ilianza mazungumzo na wadai wake wa Klabu ya Paris pamoja na shirika la uhifadhi la Marekani, The Nature Conservancy. Makubaliano yalikamilika mwaka 2016.

Utaratibu wake si mgumu kama jina lake linavyoonekana. Shirika hilo lilikusanya dola milioni 20.2. Kati ya hizo, milioni 15.2 zilikuwa mkopo na milioni 5 zilikuwa msaada wa wafadhili, miongoni mwao taasisi ya mwigizaji wa filamu Leonardo DiCaprio. Fedha hizo zilitumika kununua deni la dola milioni 21.6 lililokuwa likidaiwa na Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji na Italia. Wadai hao wakalipwa na kuondoka.

Deni halikufutika, bali lilibadilisha mwenyewe. Badala ya kupeleka fedha Paris au Roma, Serikali ya Shelisheli sasa hulipa kwa mfuko maalumu ulioanzishwa nchini humo, unaojulikana kwa kifupi kama SeyCCAT. Mfuko hulipa wakopeshaji, kisha kinachobaki hutumika katika miradi ya uhifadhi na ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, na kiasi huwekwa akiba. Sehemu ya malipo hufanywa kwa rupia za nchi hiyo, jambo linalopunguza haja ya kusaka dola.

Shelisheli nayo iliahidi kulinda asilimia 30 ya bahari yake. Machi 2020, Rais Danny Faure alitangaza kuwa lengo limefikiwa: kilomita za mraba zipatazo 410,000, eneo linalokaribia nusu ya Tanzania. Katika nusu hivi ya eneo hilo, likiwamo la visiwa vya Aldabra vyenye kobe wakubwa, uvuvi umepigwa marufuku. Katika nusu nyingine unaruhusiwa kwa masharti.

Oktoba 2018 ilifuata hati fungani ya buluu, ya kwanza duniani kutolewa na serikali, yenye thamani ya dola milioni 15 kwa miaka 10. Benki ya Dunia iliidhamini kwa sehemu, na Mfuko wa Mazingira Duniani ukatoa mkopo nafuu wa kufidia riba, hivyo riba ikashuka kutoka asilimia 6.5 hadi 2.83. Kwa hesabu ya kawaida, hiyo ni tofauti ya zaidi ya dola nusu milioni kila mwaka. Dola milioni 3 zilitengwa kuwa ruzuku na milioni 12 kuwa mikopo kwa shughuli za uvuvi na uchumi wa buluu, neno ambalo Zanzibar nayo imelipa wizara tangu mwaka 2020.

Sifa zilikuwa nyingi, lakini hesabu inahitaji kusomwa kwa makini. Tofauti ya deni la milioni 21.6 na bei iliyolipwa ni dola milioni 1.4 tu, kiasi kidogo sana kwa nchi ambayo miaka michache tu nyuma ilikuwa imeelemewa na madeni. Faida ya kweli ilikuwa mahali fedha zinapokwenda zaidi ya kiasi cha deni kilichopungua. Aidha, kulinda eneo la bahari lenye ukubwa huo kunahitaji boti, ndege na watumishi, na hizo ni gharama za kila siku kwa nchi yenye watu laki moja.

Ndiyo maana visiwa havikuridhika na mabadilishano ya madeni pekee. Agosti 2024, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kipimo kipya cha udhaifu wa nchi, kilichoandaliwa na jopo lililoongozwa na Waziri Mkuu wa Antigua na Barbuda, Gaston Browne, pamoja na Waziri Mkuu wa zamani wa Norway, Erna Solberg. Kipimo hicho hakiangalii pato pekee. Kinapima pia jinsi nchi inavyoathiriwa na misukosuko ya uchumi, mazingira na jamii, na uwezo wake wa kuhimili.

Kukitumia, hata hivyo, ni hiari. Mkopeshaji anayetaka kuendelea kuhesabu kipato peke yake hazuiwi na azimio hilo, na hati fungani ya Shelisheli inaiva mwaka 2028.