MSHIPI UPI WAMFAA MVUVI WA MKOKONI?

Mkokoni ni kijiji cha pwani ya bara, kaskazini ya Lamu, nacho chakabili kisiwa cha Kiwayu. Wenyeji wake wengi ni Wabajuni, na bahari ndiyo shamba lao. Kama vile mkulima asivyoweza kupata mavuno mema kwa jembe bovu, vivyo hivyo mvuvi hapati riziki njema kwa mshipi usiofaa.

Siku hizi aendaye dukani kununua mshipi huonyeshwa namna mbili. Ya kwanza ni nailoni ya uzi mmoja, laini, yenye kung'aa kama kioo. Ya pili ni uzi uliosukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, mfano wa ukili. Muuzaji atasema ya kuwa uliosukwa una nguvu zaidi, na bei yake ni kubwa zaidi. Neno hilo ni kweli, walakini si kweli yote. Anunuaye kwa kusikia habari ya nguvu peke yake aweza kupoteza fedha, samaki, na hata ngozi ya vidole vyake.

Mishipi ya Zamani

Wazee walivua kwa mishipi ya pamba iliyosokotwa. Uzi wa pamba huoza upesi kwa maji ya chumvi, na kwa sababu hiyo watu wa pwani walizoea kuutia katika maji ya magome ya mikandaa ili udumu. Katika mwaka 1935 Wallace Carothers na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya DuPont huko Marekani, walitengeneza nailoni, na haikupita miaka mingi ikaanza kuuzwa kuwa mishipi. Katika miaka ya 1990 ukaenea uzi uliosukwa kwa nyuzi za poliethilini, ambao una nguvu kupita kiasi cha unene wake.

Tofauti Zake

Tutazame kwanza unene. Nailoni ya milimita 1 huweza kuvuta uzito wa kilo 45 hivi kabla ya kukatika. Uzi uliosukwa wenye nguvu hiyo hiyo haufiki nusu ya unene huo. Kwa hiyo mkondo wa maji hauusukumi sana, na chubwi ndogo hutosha kuufikisha chini.

Jambo la pili ni kunyumbuka. Nailoni ikivutwa sana hurefuka kwa sehemu moja katika tano, pengine na zaidi. Mvuvi aliyeteremsha pima 20 aweza kuona mshipi wake umeongezeka pima 4 samaki mkubwa akivuta. Uzi uliosukwa hurefuka kidogo mno, haufiki sehemu moja katika ishirini. Samaki akigusa chambo tu, mkono husikia mara moja.

Mtu aweza kudhani ya kuwa uzi uliosukwa umeshinda. Lakini kunyumbuka kule kwa nailoni si hasara tupu. Nguru au kolekole anapokimbia kwa ghafula, nailoni hupokea ule mshindo, na ndoana haipasuki kinywani. Uzi usionyumbuka huupeleka mshindo wote kwenye ndoana, kwenye fundo, na kwenye mkono wa mvuvi. Hivyo arambazaye kwa mkono, mashua ikienda kwa tanga, nailoni yamfaa zaidi.

Mwamba na Mkono

Mambo mawili hasa yapasa kumwamulia mvuvi wa Mkokoni. La kwanza ni mwamba. Changu na tewa hukaa penye matumbawe, na tewa akishika chambo hukimbilia pangoni mwake. Hapo mshipi husuguliwa na mawe makali. Nailoni nene hukwaruzwa, lakini huvumilia. Uzi uliosukwa ni nyuzi nyembamba nyingi. Moja ikikatika na ya pili ikafuata, mshipi wote hulegea. Ni kama wasemavyo watu, kamba hukatikia pembamba.

La pili ni mkono. Wavuvi wetu wengi hawavui kwa fimbo yenye gurudumu. Huvuta kwa vidole. Uzi mwembamba wenye nguvu, ukivutwa na samaki mzito, hukata nyama kama wembe. Mvuvi mwenye kidonda cha kidole hukaa nyumbani siku nyingi, na nyumba yake hukosa kitoweo na fedha.

Basi, kwa avuaye kwa mkono penye mwamba, yafaa achague nailoni nene. Uzi uliosukwa una mahali pake: penye maji mengi na mkondo mkali, kwa mwenye gurudumu au aliyevaa kinga ya vidole. Naye pia afunge mwishoni nailoni ya pima mbili au tatu, ili sehemu iguswayo na mwamba iwe ya nailoni. Fundo lake lizungushwe mara nyingi, kwa maana uzi huo huteleza. Na kila fundo lilowanishwe kabla ya kukazwa. Kamwe mtu asiuzungushe mkononi.

Kutunza

Jua huiharibu nailoni, kwa hiyo mshipi uwekwe kivulini. Kila urudipo, pitisha kucha juu ya pima za mwisho. Ukisikia mikwaruzo, kata kipande hicho. Ni afadhali kupoteza pima moja kuliko kumpoteza samaki pamoja na ndoana.

Wako wanaoogopa nailoni kwa kusikia ya kuwa serikali imeikataza. Katazo la Kenya ni la nyavu za nailoni ya uzi mmoja, si la mshipi wa mkono. Wavu wa namna hiyo hauonekani majini, hunasa wakubwa na wadogo, na ukipotea huendelea kuua bila faida kwa mtu yeyote.

Hata hivyo, mshipi nao una madhara ukitupwa. Mkokoni imo katika eneo la Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979. Kasa na ng'amba hupanda fukwe zake kutaga mayai, na kipande cha uzi huweza kumfunga kasa shingo au pezi hata afe. Uzi wa namna hizi mbili hauozi kama pamba ya wazee. Hukaa baharini miaka mingi sana. Kwa hiyo kila kipande kilichokatwa kirudi pwani pamoja na samaki.

Mvuvi mwenye busara, basi, asimwulize muuzaji ni uzi upi wenye nguvu zaidi. Kwanza ajiulize mwenyewe atavua wapi, atamvua samaki gani, na atavuta kwa nini. Akijua hayo, hata mshipi wa bei ndogo utamletea chakula nyumbani.