Mombasa yavuka kontena milioni mbili, Goma na Bukavu zangoja mizigo

Bandari ya Mombasa ilimaliza mwaka 2024 ikiwa imehudumia kontena 2,005,076. Ni mara ya kwanza tangu bandari hiyo ianze kupokea kontena kuvuka milioni mbili kwa mwaka mmoja. Mwaka 2023 zilikuwa 1,623,080. Ukijumlisha mizigo ya kila aina, kuanzia mafuta na ngano hadi chuma na magari, jumla ilifika tani milioni 41.1, wakati mwaka uliotangulia zilikuwa milioni 35.98.

Hesabu hizo zilitangazwa mwanzoni mwa mwaka 2025 na Mamlaka ya Bandari za Kenya, KPA, shirika la serikali lililokuwa likiongozwa wakati huo na Kapteni William Ruto. Jina ni lile lile la rais wa Kenya, ila ni mtu mwingine. Kwa shirika la umma, ongezeko la zaidi ya asilimia 14 kwa miezi kumi na miwili si jambo dogo.

Lakini mwezi Januari haukuwa wa sherehe kwa wateja wote wa bandari hiyo. Tarehe 27 Januari waasi wa M23 waliingia Goma. Tarehe 14 Februari walichukua uwanja wa ndege wa Kavumu, na siku chache baadaye wakawa ndani ya Bukavu. Miji hiyo miwili hula, huvaa na kujenga kwa bidhaa ambazo kwa sehemu kubwa hushukia kwenye bahari ya Hindi. Kwa hiyo hesabu za mwaka za Mombasa si habari ya Wakenya peke yao. Mfanyabiashara wa Birere au wa soko la Kadutu ana haki ya kuuliza rekodi hiyo inamhusu vipi.

Kwanza lazima ieleweke nini kimehesabiwa. Kontena katika hesabu za bandari ni kipimo. Sanduku la futi 20 linahesabiwa moja, la futi 40 linahesabiwa mbili. Na linahesabiwa kila linapopita mikononi mwa bandari, hata kama halikutoka nje ya geti.

Jambo hili la mwisho ndilo lenye uzito. Kuna kontena ambazo meli kubwa inazishusha Mombasa ili meli nyingine izipakie na kuzipeleka bandari tofauti kabisa. Hazioni duane ya Kenya, hazipandi lori wala treni. Mwaka 2023 Mombasa ilihudumia kontena za namna hiyo 210,170. Mwaka 2024 zikafika 492,231, yaani zaidi ya mara mbili.

Sasa tufanye hesabu rahisi. Kontena zote ziliongezeka kwa karibu 382,000. Zile za kubadilisha meli tu ziliongezeka kwa 282,000 hivi. Maana yake ni kwamba, katika kila kontena nne mpya ambazo Mombasa ilijivunia, karibu tatu zilishuka gatini, zikakaa, kisha zikaondoka tena kwa bahari. Zililipia huduma, na hiyo ni pesa halali ya bandari. Ila si alama kwamba masoko ya Kampala, Butembo au Juba yamenunua zaidi kwa kiasi hicho.

Chanzo chake kinajulikana. Tangu Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli za biashara katika bahari ya Shamu. Kampuni kubwa za meli ziliacha njia ya Suez, zikaanza kuzunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Safari ikawa ndefu, ratiba zikavurugika, na kampuni zikatafuta bandari za kushusha na kugawanya mizigo upande huu wa bara. Mombasa ilikuwa na nafasi: sehemu ya pili ya gati mpya ya kontena ilikuwa imekamilika mwaka 2022. Vita vya wengine vikaijazia bandari hiyo kazi. Siku meli zitakaporudi Suez, sehemu ya rekodi hii inaweza kuondoka nazo.

Mizigo inayoihusu Kongo iko katika safu nyingine ya ripoti, ile ya mizigo ya kupita kwenda nchi jirani. Hiyo nayo ilipanda mwaka 2024, ikavuka tani milioni 13, karibu theluthi moja ya kazi yote ya bandari. Uganda peke yake huchukua karibu theluthi mbili ya mizigo hiyo. Kongo na Sudani Kusini hufuata kwa mbali, halafu Rwanda na wengine. Kongo imo katika mkataba wa Njia ya Kaskazini, unaosimamia usafiri kutoka Mombasa kuja bara, tangu enzi za Zaire, na mwaka 2022 ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwenye karatasi ni mteja wa nyumbani.

Njiani mambo ni tofauti. Kontena ya mafuta ya kupikia iendayo Goma huanza kwa kungoja zamu ya kushushwa. Kabla ya hapo mwagizaji au deklaranti wake anapaswa kuwa na FERI, ile fishi ya kielektroniki inayotolewa na OGEFREM, shirika la Kongo la kusimamia mizigo, ambalo lina biro hukohuko Mombasa. Bandari inatoa siku kadhaa za bure za kuhifadhi. Zikipita, kila siku inalipiwa. Kampuni ya meli nayo ina saa yake: inataka amana kwa ajili ya sanduku lenyewe, na baada ya siku ilizotoa inatoza mpaka sanduku lirudi tupu.

Kuanzia Mombasa mzigo unaweza kupanda treni ya reli mpya hadi Nairobi, iliyoanza kazi mwaka 2017, au hadi Naivasha, reli ilikoishia mwaka 2019. Baada ya hapo ni barabara: Malaba au Busia, Kampala, kisha mzigo unachagua mlango wa kuingilia Kongo. Kwa Goma, njia ya asili ni Kisoro, Bunagana, Rutshuru. Kwa Beni na Butembo ni Mpondwe na Kasindi. Kwa Ituri ni Mahagi na Aru. Mpaka Goma ni zaidi ya kilomita 1,600.

Bunagana ilianguka mikononi mwa M23 tarehe 13 Juni 2022. Kuanzia siku hiyo njia fupi ya Goma iliacha kuwa ya kutegemewa. Mwaka mmoja kabla yake Uganda na Kongo walikuwa wamezindua ujenzi wa barabara za kilomita 223: 80 za Kasindi hadi Beni, 54 za kuelekea Butembo, na 89 za Bunagana, Rutshuru hadi Goma. Hizo 89 ndizo zilizokatwa na vita. Kipande kile kingepunguza siku na mazuti kwa kila lori linalotoka Mombasa.

Makamyo yakageukia Kasindi. Huko nako barabara ya kwenda Beni imeonja mashambulizi ya ADF kwa miaka, na dereva anayeifahamu hapendi kuwa juu yake jua likizama. Butembo imeendelea kufanya biashara kwa njia hiyo, maana wafanyabiashara wake wamezoea kuagiza Dubai na China na kujitafutia njia. Kahawa na kakao ya Beni hutoka kwa barabara hiyohiyo kuelekea bahari. Ila kutoka Butembo kushuka hadi Goma mzigo unapaswa kuvuka mstari wa mapigano. Upande mmoja kuna duane ya serikali, upande wa pili kuna ushuru wa M23 ambao Kinshasa haiutambui. Anayelipa pande zote mbili hamalizi hasara mwenyewe. Anaigawanya juu ya kila bidoni na kila mfuko wa mchele, na mama mnunuzi ndiye anayeimaliza.

Na hata pasipokuwa na vita, mpaka wa Kongo una gharama zake. Dekreti ya mwaka 2002 iliruhusu huduma nne tu mpakani: duane, OCC, uhamiaji na usafi wa afya. Yeyote aliyepitisha mzigo Kasindi au kwenye Grande Barrière anajua kwamba biro anazotakiwa kupita ni nyingi zaidi ya nne. KPA inaweza kupunguza saa za meli gatini kadiri inavyoweza. Saa hizo zinaliwa tena kwenye barieri.

Mlango wa angani haukusaidia. Uwanja wa ndege wa Goma, ulio chini ya shirika la umma la RVA, umekumbwa na mengi. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya barabara ya kurukia, na ilichukua miaka mingi kuirudisha. Mwisho wa Januari 2025 ndege za biashara ziliacha kutua hapo, na Kavumu nao ukafuata. RVA kwa hiyo ilipoteza viwanja viwili vya mashariki kwa wiki tatu. Abiria wa nje alikuwa akilipa dola 50 za Go-Pass, ada iliyoanzishwa mwaka 2009 ili kutengeneza viwanja. Uwanja usio na ndege hauna wa kumtoza. Dawa na vipuri vidogo vilivyozoea kuja kwa ndege vikatafuta nafasi kwenye makamyo yaleyale.

Katika hali hiyo bandari inayoshindana na Mombasa inapata nafasi yake. Dar es Salaam ndiyo njia ya zamani ya shaba ya Katanga, na mamlaka ya bandari ya Tanzania ina biro Lubumbashi. Oktoba 2023 serikali ya Tanzania ilitia saini na DP World ya Dubai mkataba wa miaka 30 wa kuendesha gati kadhaa, na mwaka uliofuata kampuni ya Adani ya India ikaingia kwenye gati za kontena. Kutoka Dar, mzigo unakwenda Rusumo na Kigali, halafu unaingia Goma kwa Gisenyi au Bukavu kwa Kamembe. Mwingine unashuka kwa reli hadi Kigoma, unavuka ziwa Tanganyika mpaka Kalemie au Kalundu, bandari ya Uvira. Rwanda yenyewe hupitisha mizigo yake mingi Dar kuliko Mombasa, na mwaka 2025 Goma ilianza kuegemea Rwanda zaidi kuliko ilivyokuwa mwaka 2024. Ikiwa hesabu za Mombasa za mwaka 2025 zinaonyesha upande wa Kongo umepungua, hapo ndipo pa kuanzia kutafuta sababu.

Kinshasa ina jibu lake upande wa pili wa nchi. Tarehe 31 Januari 2022 Rais Félix Tshisekedi aliweka jiwe la msingi la bandari ya maji marefu ya Banana, inayojengwa pamoja na DP World hiyohiyo. Sehemu ya kwanza ni gati ya mita 600 yenye uwezo wa kontena 450,000 hivi kwa mwaka. Kwa Kinshasa na Kongo Kati ni ukombozi, maana meli kubwa haziwezi kupanda mto hadi Matadi. Kwa mkaaji wa Bukavu, Banana iko mbali kuliko Mombasa, na hakuna barabara moja ya lami inayoiunganisha na Kivu. Ndiyo kusema hata bandari hiyo ikikamilika, mchele wa Bukavu utaendelea kutoka bahari ya Hindi.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 biashara ya mashariki ilifanywa kwa kukisia. Mwagizaji aliyelipia kontena mwezi Desemba hakujua atapokea kwa upande gani wa mstari. Katika Goma mabanki yalifungwa mji ulipochukuliwa, kwa hiyo hata mwenye pesa kwenye akaunti alipata taabu kuzituma kwa muuzaji wa nje au kwa wakala wake Mombasa. Wengine waliomba mizigo ibaki Kampala kwenye hangari za kukodi, wakingoja. Huko nako kodi inahesabiwa kwa siku, na kontena ambayo haijarudi tupu kwa kampuni ya meli inaendelea kula ile amana, iwe barabara ya Rutshuru imefunguliwa au haijafunguliwa.