Karatu na Ngorongoro: Mvua moja, bei tofauti

Wafanyabiashara wanaonunua mazao Karatu wamezoea kusubiri neno moja kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA): mvua zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Kwa soko la eneo hili, neno hilo ni nusu tu ya habari. Mvua ile ile inayoshusha bei ya mahindi mjini Karatu inaweza kuozesha vitunguu Mang'ola na kuzuia magari ya watalii Ngorongoro. Anayeweka mtaji wote upande mmoja ndiye anayeumia.

Sababu iko kwenye milima yenyewe. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukifika nyanda za juu za Ngorongoro hulazimika kupanda, hupoa na kuangusha maji upande wa mashariki na kusini-mashariki. Huko ndiko kwenye msitu na mashamba ya kahawa ya Oldeani na Karatu. Ukishavuka ukingo wa kreta, ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, upepo huo huwa umekauka. Ndiyo maana Olduvai na Ndutu, upande wa pili, ni nyika ya wafugaji na wanyamapori.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini ukungu unaofunika ukingo wa kreta asubuhi haumaanishi kwamba shamba la Karatu litalowa siku hiyo.

Habari huanzia baharini

Eneo hili hupata mvua za Vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na Masika kuanzia Machi hadi Mei. Vuli ndiyo inayotabirika vizuri zaidi, kwa kuwa hufuata joto la bahari. El Nino katika Pasifiki, hasa ikiambatana na maji ya joto upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, kwa kawaida huleta Vuli kubwa. La Nina huipunguza.

Kumbukumbu zipo. Baada ya ukame wa 1996/97, El Nino ya 1997/98 ilileta mafuriko na kukata barabara sehemu nyingi nchini. Vuli ya 2019 ilikuwa kubwa kutokana na joto la Bahari ya Hindi. La Nina ya kuanzia 2020 hadi 2022 ilikausha malisho ya kaskazini, na mapema 2022 mifugo ilikufa kwa maelfu Simanjiro. El Nino iliporejea, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliangukia Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu wengi.

Masika ni kigeugeu zaidi. El Nino peke yake si dhamana ya Masika nzuri, na mfanyabiashara aliyekopa kwa kutegemea hilo anacheza bahati nasibu.

Nani anapata, nani anakosa

Mahindi: Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo hakiruhusiwi, hivyo wafugaji hununua nafaka kutoka nje, Karatu ikiwa mojawapo ya masoko yao. Mvua zikikosekana, bei ya gunia hupanda wakati ule ule ambapo bei ya ng'ombe aliyekonda inaanguka mnadani. Mfugaji aliyekuwa akipata magunia kadhaa kwa ng'ombe mmoja hujikuta anauza zaidi ili apate kidogo. Mwenye ghala hufurahia bei kwa muda, kisha hugundua kwamba wateja wake hawana tena cha kuuza.

Vitunguu: Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, ni bonde la joto lililo chini sana ya Karatu. Mashamba humwagiliwa na chemchemi zinazopata maji yake kutoka msitu wa nyanda za juu. Kwa hiyo ukame wa miezi michache haumwangushi mkulima wa vitunguu kama unavyomwangusha wa mahindi. Hatari yake ni mvua wakati wa kuvuna: kitunguu kisichokauka huoza ndani ya lumbesa kabla ya kufika Arusha au Nairobi. Ukame wa miaka mfululizo ni jambo jingine, kwani hupunguza maji ya chemchemi na kuleta ugomvi wa zamu mifereji.

Kahawa: Mkahawa huhitaji kipindi kikavu, kisha mvua ya kuufanya utoe maua. Mvua ikinyesha vipande vipande, maua hutoka kwa awamu, mavuno hurefuka na gharama za vibarua hupanda. Ikinyesha wakati wa kuanika, ubora unaoamua bei mnadani huteremka.

Utalii: Aprili na Mei ni miezi ya wageni wachache kila mwaka. Vuli kubwa inaweza kusogeza utelezi wa barabara za kushuka kreta hadi karibu na msimu wa Krismasi. Hata hivyo Vuli hiyo hiyo huotesha nyasi za Ndutu, ambako nyumbu huzaa kati ya Januari na Machi.

Kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi makini huuliza maswali matatu zaidi ya lile la wastani: mvua zitaanza lini, zitakoma lini, na zitasambaa vipi katikati ya msimu. TMA hutaja mambo hayo katika utabiri wake, na huuhuisha msimu unapoendelea. Jumla ya milimita ikiwa nzuri lakini mvua ikakatika mahindi yanapotoa mbelewele, gunia halijai.

Ikumbukwe pia kwamba anga haipangi bei peke yake. Mwaka 2017 wakulima wa mbaazi walikuwa na mzigo, lakini India ilipoweka kikomo cha kuagiza tani 200,000 mwezi Agosti, bei ilianguka vibaya. Mvua haikuwa na kosa.

Kwa mwenye mtaji mdogo, njia salama ni kugawa: sehemu kwenye nafaka ya kuhifadhi, sehemu kwenye vitunguu vinavyouzwa haraka, na akiba ya taslimu hadi taarifa ya katikati ya msimu itoke. Mkopo wa kununua mazao ambayo bado hayajachanua ungoje taarifa hiyo.