Mafuta ya Nazi, Insulini na Meli Isiyosubiri

Juma lililopita nilipata ujumbe kutoka kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga. Mwanawe aliyeko Marekani amewakatia yeye na mkewe tiketi za ndege hadi Miami, na kutoka hapo watapanda meli ya kitalii kwa siku saba katika visiwa vya Karibi. Mzee ana kisukari na hujidunga insulini. Mama naye haendi popote bila mafuta yake ya nazi. Mzee anauliza: vitu vya majimaji tuviweke wapi, maana kila tunayemwuliza anasema lake?

Kweli kila mtu anasema lake, na sababu ipo. Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza walitangaza kuwa wamewakamata watu waliopanga kulipua ndege ziendazo Marekani na Kanada, kwa milipuko ya majimaji iliyofichwa ndani ya chupa za vinywaji. Siku zile akina mama walitakiwa kuonja maziwa ya watoto wao mbele ya wakaguzi. Wala halikuwa jambo geni. Mwaka 1994 bomu lililotengenezwa kwa majimaji yaliyopitishwa katika chupa ya dawa ya kusafishia lenzi za macho lililipuka ndani ya ndege ya Ufilipino, likamwua abiria mmoja Mjapani.

Tatizo lilikuwa mashine. Zile za zamani zilionyesha umbo la chupa tu. Maji na sumu vikawa sura moja. Kwa hiyo, kabla mwaka 2006 haujaisha, Marekani na Umoja wa Ulaya zikaweka kipimo: kila chombo katika begi la mkononi kisizidi mililita 100, na vyote vikae katika mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani, wa lita 1. Mashine mpya humulika mzigo pande zote, na baadhi ya viwanja, kama Heathrow wa London, sasa vinaruhusu chombo cha hadi lita 2. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Sheria inayokuhusu ni ya uwanja unaokaguliwa wakati huo, si ya ule uliotoka jana. Mwenye kupitia viwanja vitatu afungashe kwa kipimo cha ule mkali kuliko yote.

Na kinachopimwa ni chombo, si kilichomo. Hili nililijua kwa hasara. Katika uwanja mmoja wa Ulaya niliwahi kubishana na mkaguzi juu ya chupa ya mililita 250 iliyobaki losheni kidogo mno chini. Nilimwonyesha, nikaitikisa, nikaeleza kwa Kiingereza changu chote. Ikaenda kwenye pipa. Jueni pia kwamba majimaji kwao ni pamoja na dawa ya meno, mafuta ya mgando, asali na siagi ya karanga.

Basi mtu atasema: ya nini taabu, weka vyote katika begi kubwa linalokwenda tumboni mwa ndege. Huko kipimo cha mililita 100 hakipo. Manukato, rangi ya kucha na dawa za kupuliza za kujipaka zinaruhusiwa, ila kila chombo kisizidi nusu lita, na jumla isizidi lita 2 kwa mtu. Dawa ya kopo ya kuulia wadudu iacheni nyumbani.

Lakini safari ya mzee wetu si ya kwenda hotelini. Begi likichelewa kwa siku mbili, hoteli itakuwapo pale pale. Meli haisubiri begi. Itang'oa nanga jioni, na begi litalazimika kuikimbiza hadi bandari nyingine, kama litaipata. Hata lisipochelewa, bandarini Miami wapagazi hulichukua gatini, na laweza kufika chumbani jioni. Kwa hiyo mzee ajiulize: ni kitu gani siwezi kukaa bila hicho kwa siku kadhaa?

Insulini ndiyo jibu la kwanza. Yote ikae mkononi, ya safari nzima na akiba juu yake, pamoja na sindano. Tumboni mwa ndege inaweza kupotea au kuharibiwa na baridi. Dawa ya mgonjwa haibanwi na kipimo cha mililita 100, ila asingoje igunduliwe: aitoe na kuitaja kabla ya kukaguliwa, ikiwa katika boksi lake na cheti cha daktari. Na mwanawe aulize mapema kama chumba chao melini kina friji.

Jambo jingine ni marashi na vinywaji vya maduka ya uwanjani yasiyotoza ushuru. Ndege ikitua kwanza New York kabla ya Miami, kwa kawaida mtachukua mabegi yenu, mpite forodha, myakabidhi tena, kisha mkaguliwe upya. Chupa kubwa iingizwe katika begi pale pale kabla ya kulikabidhi. Pombe kali ndiyo kabisa: meli nyingi hazikubali abiria apande nayo. Wao wanauza yao.

Sasa mafuta ya mama. Hewa ndani ya ndege huwa nyepesi, kama ya mtu aliyetoka Tanga akapanda milimani. Hewa iliyofungiwa chupani hutanuka na kusukuma mafuta nje. Chupa ya plastiki ibinywe kidogo hewa itoke kabla ya kufunga, kipande cha plastiki kiwekwe chini ya kifuniko, kisha iingie katika mifuko miwili, mbali na gauni la kwendea karamuni. Hiyo ni ya begi kubwa. Ya mkononi amimine katika kichupa cha mililita 100. Wala asidhani mafuta yakiganda kwa baridi, kama yanavyoganda Tanga asubuhi za Julai, mkaguzi atayahesabu kuwa kitu kigumu.